Mume Wangu, Balozi wa Gari Linalojiendesha

Ijumaa, alasiri. Mawingu yamejazana upande wa bahari tangu asubuhi, lakini mvua haitaki kushuka, na joto limetukalia kifuani. Nimeanua nguo, nimezianika tena, nimezianua. Moyo wangu nao uko hivyo hivyo leo. Nataka kucheka, nataka kulia, sijui lipi litangulie.

Nianze na gari.

Mume wangu Saidi, ambaye mimi humwita Baba Ancha, ni dereva wa basi la wafanyakazi katika kampuni moja ya usafirishaji hapa Palma. Kutwa kucha kazi yake ni kushika usukani. Ndiyo maana nilishangaa alipoanza kutamani gari lisilotaka kushikwa usukani. Ni sawa na mwalimu kama mimi kutafuta darasa lisilo na watoto. Ingawa, tuseme ukweli, zipo siku hilo nami nalitamani.

Gari alilipata Pemba, si kile kisiwa bali mji mkuu wa mkoa wetu, kwenye yadi ya mtu anayejiita Senhor Nelito. Ni gari dogo jeupe, limetoka Japani likiwa limeshatumika, na kweli lina ujuzi wake. Lina jicho la kutazama mistari ya barabara, na lina jicho la kutazama gari lililo mbele. Ukiliwekea mwendo, linafuata mstari, linapunguza gari la mbele likipunguza, linaongeza njia ikiwa wazi. Hayo ni kweli, nimeyaona kwa macho yangu.

Shida ni yale ambayo Nelito aliongeza kwa mdomo wake. Alimwambia mume wangu, wewe kaa tu, kula embe, gari litakufikisha. Baba Ancha akauliza, mbona nikiachia usukani linapiga kelele? Nelito akacheka, akachukua chupa ya maji, akaifunga kwa kamba upande mmoja wa usukani. Gari likihisi ule uzito hudhani ni mkono wa mtu. "Wajapani wametengeneza," akamwambia, "sisi tumemalizia."

Kisha akamvisha kofia nyekundu iliyoandikwa kwa Kireno, EMBAIXADOR. Balozi wa yadi, upande wa Palma. Kazi yake ingekuwa kujipiga video akiwa ndani ya gari na kuzituma, ili watu wa huku waone na watamani.

Mume wangu alirudi nyumbani na kofia ile akala nayo, akaenda nayo dukani, akaivaa juu ya kofia ya kuswalia. Mama yangu, Bi Somoe, ambaye anakaa nasi, alipomwona mara ya kwanza alidhani mkwe wake amepewa cheo serikalini. Akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Tena ndani ya gari mna mwanamke. Yaani sauti. Kila baada ya muda huongea Kijapani, taratibu, kwa upole kama mtu anayeongea na wakwe. Siku mama alipoisikia mara ya kwanza alijibu, "Waalaikumu salaam." Baba Ancha akamwambia anatutakia safari njema. Mama akafurahi sana.

"Ana adabu huyu," akasema. "Hachoki kusalimia."

Jumamosi iliyopita ilikuwa harusi ya mjukuu wake, binti wa dada yangu, kule Mute. Bibi wa bi harusi hawezi kuchelewa, na Baba Ancha aliapa kwamba mama mkwe wake atafika harusini kama malkia. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na juu yake ile kofia nyekundu. Mimi na mama tulikaa nyuma, kwa sababu mama hawezi kukaa ubavuni kwa mkwe wake. Kiti cha mbele kikapewa sufuria kubwa ya zawadi. Gari likagoma kunyamaza mpaka sufuria ifungwe mkanda. Tukaifunga.

Tulipofika kwenye kipande cha lami chenye mistari, Baba Ancha akabonyeza vitufe vyake, akainua mikono yote miwili juu. Chupa ikabaki inaning'inia kwenye usukani. Gari likaenda.

Siwezi kudanganya humu. Nilisisimka. Nilitamani tungepita mbele ya wale wanawake wanaonicheka kwa kwenda kazini kwa miguu.

Akanipa simu nimpige video. Ya kwanza ilikuwa fupi, mikono juu, meno nje, na papo hapo akaniambia niitume Pemba kwa kuwa mtandao ulikuwa mzuri. Nikaituma. Ya pili akataka iwe ndefu, yenye maelezo. Akageuka kabisa kutukabili sisi wa nyuma, mgongo kwa barabara, akaanza kueleza kwa sauti ya redioni.

Mama akamkatiza. "Mkwe wangu, hiyo chupa ni ya nini?"

"Ndiyo inayoshika usukani, mama."

"Na wewe?"

"Mimi nasimamia."

Mama akafikiri kidogo. "Kama ni hivyo, baba, njoo ukae huku nyuma na sisi. Hapo unaisumbua sufuria."

Baba Ancha akacheka kwa heshima, maana mkwe hajibiwi. Mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga, nalo gari letu lililifuata polepole kama mbuzi anavyomfuata mama yake. Mwanamke wa Kijapani akasema neno lake. Mama akaitikia. Akalisema tena. Mama akaitikia tena.

Kisha lori likakata kushoto kuingia njia ya machimbo ya mchanga.

Sasa nafahamu kilichotokea, kwa sababu baadaye nimeeleweshwa. Gari liliwekewa mwendo mkubwa, na kilichokuwa kinalizuia ni lile lori tu. Lori lilipotoka, gari likaona njia nyeupe, likaongeza kasi. Na hapo hapo mistari ya barabara ikaisha. Yule mwanamke akaanza kusema haraka haraka, kitu kikawa kinalia pii pii pii, na Baba Ancha bado anaitazama simu na kusema, "Kwa hiyo ndugu zangu wa Palma, raha ni hii."

"Baiskeli!" mama akapiga ukelele.

Mume wangu akageuka. Mbele palikuwa na mtu juu ya baiskeli, ana mafungu ya nazi kila upande. Baba Ancha akarukia usukani, mkono ukanasa kwenye kamba, chupa ikaruka ikampiga puani, akakanyaga breki na kupiga yowe ambalo sijapata kulisikia kwa mtu mzima.

"Mamaaa!"

Na mama yangu, palepale kando yangu, kwa mazoea ya miaka yote ya kuitwa, akajibu, "Abee!"

Tukaacha barabara. Nikasikia majani, miti inavunjika, sufuria inagonga. Kisha kimya. Tulikuwa katikati ya shamba la muhogo, sote wazima, mume wangu pua inamvuja damu, sufuria imekaa kwenye mkanda wake haina hata mkwaruzo.

Sikumbuki kushuka. Nakumbuka nazi zimetapakaa barabarani na yule mtu amekaa mtaroni, goti limechubuka, anazitazama nazi zake kama hajui ni za nani. Baba Ancha alimkimbilia, akapiga magoti mbele yake na kanzu yake ile, akawa anasema samahani, samahani, samahani.

Yule mtu hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Nilikutazama, kaka," akamwambia. "Gari linakuja, na mimi naona kisogo chako. Nikasema, huyu hana uso. Leo nakufa kwa mtu asiye na uso."

Mume wangu akamfuta vumbi gotini. Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Mwenye shamba akatokea na jembe begani, mama mmoja wa Kimakonde, mrefu, anaitwa Mama Teresa. Alituhesabu kwa macho, akaona hakuna maiti, ndipo akageukia muhogo wake.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Swali jepesi. Mtu yeyote angelijibu. Mume wangu, na kofia yake ya ubalozi imekaa upande, akasema, "Mama, gari hili huwa linajiendesha lenyewe."

"Lenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Liambie lishuke lipande muhogo wangu."

Baba Ancha akatutazama. Mama yangu akatazama pembeni, akapangusa midomo kwa ncha ya kanga, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Basi akapanda. Wajuao kilimo wanajua muhogo hupandwa kwa vipande vya shina lake lenyewe, kwa hiyo mbegu hazikukosekana, alikuwa amevunja za kutosha. Mama Teresa akamkatia vipande, akampa jembe, na mume wangu akainua matuta na kuchomeka vijiti, jua la mchana juu yake, kanzu inageuka rangi ya udongo. Mama alitandikiwa mkeka kivulini. Kutoka pale alikuwa akimwelekeza mkwe wake kwa upendo mkubwa.

"Kilaze kidogo, baba. Usikisimamishe wima. Hivyo. Mungu akubariki."

Mimi niliokota nazi na yule mtu wa baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda. Baba Ancha alilinyoosha mwenyewe alipomaliza matuta, akalizungusha mpaka likazunguka sawa, na yule mtu akaondoka bila kuaga. Sikumlaumu.

Vijana wa kijijini walilisukuma gari mpaka barabarani, lakini mama alikataa katakata kuingia tena. Bibi wa bi harusi aliingia Mute nyuma ya pikipiki, sufuria mapajani, ushungi unapepea. Waliomwona wanasema alifika kama malkia. Kwa hiyo kiapo cha mume wangu kilitimia kwa njia yake.

Nilidhani yamekwisha. Tungeyacheka wenyewe nyumbani, basi.

Lakini ile video ya kwanza, ile fupi niliyoituma, ilikuwa imeshafika Pemba. Nelito aliitia muziki, akaandika juu yake SENTA E RELAXA, na chini yake, kwa ajili yetu wa huku, "Wewe kaa, gari liende." Kufika Jumanne ilikuwa katika kila simu ya Palma. Mume wangu, mikono juu, meno nje. Watu wakampungia mkono njiani. Muuza samaki akaniita mke wa balozi. Na Baba Ancha, naandika haya nikimpenda, hakukanusha. Aliacha waseme. Nadhani alikuwa anajiambia kwamba aibu ya shamba la muhogo imefunikwa.

Jumatano, wakati wa mapumziko shuleni, mwalimu mwenzangu Momade akanijia anang'aa.

"Professora, mwambie mume wako ahsante. Ametufungua macho."

"Kwa lipi?"

"Nami nimechukua gari kwa Nelito. Lile lile. Jumamosi nawapeleka watoto Quionga kwa bibi yao. Chupa nimeshaifunga."

Nikamwambia asifanye hivyo, ashike usukani, gari halijiendeshi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mnataka kubaki mabalozi peke yenu, sivyo?"

Kengele ikalia. Nikafundisha vitenzi vya Kireno darasa zima nikiwaona watoto wa Momade kwenye kiti cha nyuma.

Jioni nikamweleza Baba Ancha. Ndipo nikafanya jambo ambalo tungepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nikafungua video ya pili, ile ndefu ambayo haikutumwa, nikaicheza kwenye simu yake, karibu na yangu, na yangu nikaiwekea programu ya kutafsiri. Yule mwanamke wa Kijapani akasema. Maandishi yakatokea kwa Kireno, nikamsomea mama kwa Kiswahili.

"Tafadhali shika usukani."

Akasema tena. Tafadhali shika usukani. Na tena. Mwisho, pale mistari ilipokwisha, Shika usukani sasa hivi.

Mama akaweka mkono kichwani. "Maskini mtoto wa watu! Anatuomba tangu Palma, sisi tunamwitikia salamu!"

Tulicheka. Wallahi tulicheka mpaka Ancha akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Lakini Baba Ancha aliacha kucheka kabla yetu. Akachukua simu, akatoka barazani, akampigia Nelito, na sisi tukamsikia kila neno. Alimwomba aitoe ile video. Nelito akasema hapana, embaixador, inafanya kazi vizuri sana. Akamweleza kuhusu baiskeli. Nelito akasema hilo si kosa la gari, ni kosa la barabara kukosa mistari, andikeni kwa serikali iwapakie rangi.

Aliporudi ndani alikaa na simu mkononi. Nilijua anachokiogopa. Yeye ni dereva. Chefe wake, mkuu wa madereva pale kazini, humtoa mtu kwenye basi kwa kukutwa bila mkanda. Akiiona video ya dereva wake amegeuka kisogo, chupa inaendesha, atasema nini?

"Wakinifukuza, Mama Ancha?"

"Sijui," nikamwambia.

Mama, ambaye kwa kawaida hamsemeshi mkwe wake mambo mazito, akasema akiwa ameangalia ukuta, "Watoto wa yule mwalimu ni wangapi?"

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Baba Ancha aliiweka video ya pili mtandaoni. Yote. Kisogo, chupa, pua, yowe, na abee. Juu yake aliandika mwenyewe, "Huyu ni mimi. Gari halijiendeshi. Chupa haina macho."

Sijapata kuona kitu kinasambaa hivyo. Ile ya kwanza ilikwenda kwa miguu, hii ilikwenda kwa mbawa. Leo darasani mtoto mmoja alijikwaa akasema "Mamaaa!" na darasa zima likajibu "Abee!" Nikashindwa kuwakemea. Mama amekuwa mtu maarufu. Wanawake wanakuja kumtazama kama wanavyotazamwa wazazi wapya, na yeye anamwitikia upya kila anayemwomba.

Nelito naye ameandika kwenye ukurasa wake kwamba balozi yule alitumia gari kinyume na maelekezo. Maelekezo! Nilitaka kumwandikia mambo, mume wangu akanizuia.

Momade alinisubiri langoni asubuhi hii. Alitoa chupa mkobani, akanywa maji yake, akaniambia kamba ameifungia mbuzi.

Baba Ancha ameingia baada ya swala ya Ijumaa, na nilikuwa nimesimama mlangoni, sikuweza kukaa. Hawakumfukuza. Chefe aliwaita madereva wote, akaionyesha video ukutani kwa picha kubwa, akamsimamisha mume wangu pembeni yake aitazame pamoja nao. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Kisha chefe akauliza nani kati yao hajawahi kuendesha huku anasoma simu. Anasema hakuna mkono hata mmoja ulioinuka. Ametolewa kwenye basi mpaka afanye mtihani upya kama kijana anayeanza, na kwa sasa ataosha mabasi. Alinieleza hayo huku anavua viatu, na uso wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouona wiki nzima. Kofia nyekundu sijui imekwenda wapi, na sijauliza.

Basi ningeishia hapo, tumecheka, mambo yamekwenda vizuri.

Ila mchana huu, nikiwa peke yangu na nguo zangu zisizokauka, niliitazama video tena. Wote wanamtazama Baba Ancha, na ni haki yao, anachekesha. Mimi safari hii nilitazama pembeni ya sikio lake, kwenye kioo cha mbele. Baiskeli ipo. Inaonekana mapema sana, ndogo, halafu kubwa kidogo, halafu kubwa. Nazi zinaonekana. Mkono ulioshika simu hautikisiki hata kidogo. Unasogea kushoto ili sura ya mume wangu ikae vizuri.

Mkono huo ni wangu.

Yeye alikuwa ameipa barabara mgongo. Mimi nilikuwa nimeikabili, na macho yangu mawili wazi, na sikuiona. Mama mwenye mtoto wa jicho ndiye aliyeiona. Hakuna aliyeniuliza hilo, si chefe, si Momade, si mume wangu. Wote wananiita aliyepiga video nzuri.

Naandika hapa kwa kuwa pengine inabidi liwe limeandikwa.

Baba Ancha ananiita toka uani. Anauliza kama anipeleke sokoni kabla mvua haijaanza, ameshaliwasha gari, mikono yote miwili ipo kwenye usukani, nimechungulia dirishani nikaona. Nimemwambia ahsante, leo nitakwenda kwa miguu. Akauliza kama bado nina hasira.

Sina. Nataka tu kwenda huku naitazama njia.